Ngazi ya Mupishi wa Lubunga

Ukikaa Lubunga miaka mingi kama nilivyokaa mimi, utajua kwamba mtaani kwetu kuna harufu mbili za mikate. Ya kwanza ni ya mama wa kona, anayekaanga madonge yake ya ngano tangu alfajiri. Hiyo unaifuata ukiwa na njaa. Ya pili haina mama wala kikaango. Ilikuwa inatoka kwenye bomba la jenereta ya materniti yetu ndogo, nyumba ya kujifungulia, Jumatano na Jumamosi jua likianza kuzama, kwa sababu jenereta ile haikunywa mazutu, ile dizeli ya mjini. Ilikunywa mawese yaliyopikwa na mzee mmoja mpaka yakakubali kuwaka ndani ya injini, na moshi wa mawese, upende usipende, unanuka kukaanga. Mgeni akiupata anameza mate, halafu anageuka huku na huku kumtafuta mwuzaji.

Mzee huyo tulimwita Mupishi. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini hata leo silitamki, maana alikuwa hataki liitwe karibu na sufuria yake. Ukijisahau ukaliita, alikuja mbio na kidole mdomoni. "Usiite jina yangu hapa, mama. Yeye atalishika." Yeye nani? Hakueleza. Mimi si mtu wa kuogopaogopa, nimezaliwa kando ya mto na nimeona mengi, lakini tangu siku ile nikimwita namwita Papa Mupishi, basi.

Na mimi mwenyewe nijitaje kidogo, msije mkadhani ni umbea mtupu. Mimi ni karani, ndiyo maana mtaani wananiita Mama Biro, mama wa ofisi. Kila asubuhi navuka Mto Kongo kwa mtumbwi wa mota, nashuka upande wa mjini, napanda toleka, ile baiskeli ya abiria, mpaka kwenye ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja kwa sababu bado nakula kwake. Kazi yangu ni kupokea barua, kupiga muhuri, kutia majaladani. Kwa hiyo Mupishi nilimjua mara mbili: ng'ambo hii kama jirani wa uzio mmoja, na ng'ambo ile kama dosiye, jalada la kijani lililozidi kunenepa.

Zamani alikuwa mtu wa laboratwari katika kiwanda cha mawese. Kiwanda kilipokufa, wenzake walibeba mabati, nyaya, milango. Yeye alibeba kipimajoto kimoja tu, amekifunga ndani ya kilemba chake. Kwa kipimajoto hicho na pipa la chuma alilolikandika udongo tumboni, akaanza kupika. Alihitaji vitu vitatu: mawese ya wakamuaji wa hapa hapa, majivu ya mashada ya chikichi yaliyokwisha kupukuchuliwa, na pombe kali sana, ichemshwe upya mara mbili na kukaushwa kwa chokaa. Vitu hivyo vikikutana kwa joto lake, mawese yanajigawa. Juu yanabaki mafuta mepesi ya injini, chini linatua tope zito, na tope hilo alikuwa analigeuza sabuni ya kahawia.

Alikuwa hafunui pipa bila kubisha hodi. Msicheke. Nilimwona kwa macho yangu, mchana kweupe, nilipokwenda kuomba kipande cha sabuni. Aligonga udongo mara moja kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hodi." Akangoja. Akasema tena, "Hodi." Akangoja, kichwa amekiinamisha upande. Halafu akaniambia, "Bado," akakaa kwenye kigoda, akaanza kunihadithia bei ya samaki. Mimi nikacheka mpaka machozi. Baadaye akainuka, hodi ya tatu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekaribishwa, akafunua. Mafuta yalikuwa yametulia, mekundu juu, meusi chini, hayana hata povu. Sikusikia sauti yoyote, naapa. Lakini nilipotazama miguu yangu niliona nimevua kandambili.

Sasa hiyo pombe. Mupishi alikuwa Mwislamu wa zile familia za zamani za mji wetu, mtu wa swala tano na kanzu safi ya Ijumaa. Na hakuna mlevi Lubunga nzima aliyenunua lotoko nyingi kuliko yeye. Wale mama wanaoichemsha kwa mahindi na muhogo walimpenda kuliko wateja wote, maana hakuonja, hakukopa, hakuimba. Aliibeba saa sita mchana, ndani ya chupa nyeupe, katikati ya barabara, kila mtu aone. Alikuwa anasema kitu cha kufichwa ndicho kinachonuka.

Siku moja mmoja wa wale mama akamchokoza mbele ya watu. "Papa Mupishi, weye hunywi. Sasa hii yote unakunywa na nani?"

"Si mimi nakunywa, mama," akajibu. "Ni yeye."

Watu waliokuwa wanacheka wakapunguza kucheka. Jioni ile habari ilikwishafika mpaka stesheni ya reli: Mupishi ana mtu chini ya pipa, anamlewesha ili amfanyie kazi. Kina mama wakawakataza watoto kupita karibu na uzio wake. Mimi uzio ule ni wangu pia, ningepita wapi? Nikajikaza kisabuni. Niliwaambia ni kemia tu, kama ya shuleni, na wao wakaniambia, haya, mama kemia, lala na dirisha wazi basi. Sikulala na dirisha wazi.

Lakini mtu huyo huyo wa kuogopewa ndiye aliyempelekea sabuni kila mwanamke aliyejifungua, iwe Jumatano, iwe siku yoyote. Mlangoni mwa materniti hakuingia kamwe. Alisimama nje ya dirisha, mikono nyuma, anasikiliza jenereta, na mtoto akilia ndani alikuwa anasema "Alhamdulillahi" taratibu, kisha anaondoka bila kuuliza ni wa kiume au wa kike. Waliozaliwa siku za taa mtaa mzima uliwaita watoto wa mikate. Wapo wengi sasa, wengine wameota ndevu. Na wajawazito walijifunza hesabu yao wenyewe: uchungu ukianza Jumanne, wengine walibana miguu wakisali Jumatano ifike.

Kwa nini siku mbili tu? Kwa sababu pipa lilikuwa dogo na mzee alikuwa mmoja. Na hapo ndipo penye kidonda chake. Binti yake wa mwisho alijifungua Jumatatu. Mkunga, ambaye ni rafiki yangu, alinieleza mara moja tu na sijamuuliza tena: alikuwa na tochi ya simu mdomoni, na hakuweza kuona damu ilikuwa inatoka wapi. Mafuta ya Jumatano yalikuwa bado yanatua ndani ya pipa, kwa baba yake, hatua chache kutoka pale. Mupishi alimzika bintiye Jumanne, na Jumatano jenereta ikawaka kama kawaida.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka taa ya Jumatatu.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba kuna mfuko wa kuwasaidia wapikaji wadogo wa mafuta ya mimea, wakuze kazi zao ziwe viwanda kamili vya kusafisha mafuta. Tangazo lilipita mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyelivusha mto ndani ya mkoba wangu, mimi ndiye niliyemwambia andika, na mimi ndiye niliyemsaidia kupanga karatasi mezani kwake huku tunakula lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki wa kuchoma. Sijutii lituma. Mengine yote najuta.

Barua za serikali alikuwa na desturi nazo. Hakuzisoma mwenyewe, ingawa Kifaransa chake kilikuwa cha laboratwari, kilichonyooka kuliko changu. "Barua inasomwa na miguu yenye iliileta," alisema. Nilisimama, yeye akakaa, nikasoma kwa sauti kila neno, hata salamu, hata cheo cha aliyetia sahihi. Kisha aliichukua, akaikunja mara nne, akaingia nayo ndani. Nilidhani anaiweka sandukuni.

Na alikuwa na mchezo wake na maneno ya wakubwa. Kama ulikuwa mchezo. Barua ya kwanza ilisema kazi yake imekubaliwa kuwa "projet pilote," yaani mradi wa majaribio. Akakunja uso. "Bon. Na huyu pilote anafika siku gani? Nifyeke uwanja ya ndege?" Nikacheka, yeye hakucheka. Nyingine ikasema "enveloppe" ya mfuko, yaani fungu la fedha, bado haijafunguliwa. Akauliza bahasha hiyo ni ya rangi gani, ili akiiona njiani aitambue. Usoni mwake hukuweza kusoma kitu. Nimekaa naye miaka, nimekula naye, na siwezi kuwaambia ni lini alikuwa anatania na ni lini hatanii.

Kisha ikaja ile kubwa. Ilisema mradi wake umechaguliwa kwa ajili ya "passage à l'échelle." Wakubwa wakisema hivyo wanamaanisha kukuza kazi, kutoka pipa kwenda kiwanda. Lakini échelle, kwa mtu wa kawaida, ni ngazi.

"Serikali inataka ngazi?" akauliza.

"Papa, hapana, banataka kusema kukuza..."

"Mama Biro, weye umesoma échelle. Nimesikia échelle."

Juma lile lile aliwaita maseremala. Wakaleta miti miwili mirefu ya lifaki, mbao za msituni, wakaichimbia uani mwake, imeinama kidogo, inaelekea mto. Mirefu kuliko paa lake, mirefu kuliko paa langu. Katikati hakuna kitu, isipokuwa kipandio kimoja chini kabisa. Haikuegemea ukuta wala mti. Nikamuuliza ngazi gani hii isiyoegemea kitu, akasema itaegemea tangi kubwa la kiwanda, tangi likifika. Nikamuuliza ngazi gani hii ya kipandio kimoja, akasema, "Ni barua moya. Zingine ziko njiani."

Na kweli zilikuwa njiani. Leteni cheti cha ardhi, tukaleta. Leteni barua ya mkuu wa mtaa, tukaleta. Leteni picha za pipa kwa pande nne, leteni mchoro, leteni mchoro upya, wa kwanza umepotea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga hawakukosea. Kila barua niliyomsomea, kesho yake nilisikia nyundo, na nikitazama juu ya uzio naona kipandio kipya. Hakuwaita maseremala tena, alipanda mwenyewe kwenye vile vya jana ili apigilie cha leo. Mzee wa umri ule! Nilimpigia kelele mara nyingi, akanipungia mkono kutoka juu.

Watoto walisema jua likienda kuzama kivuli cha ngazi kinatambaa, kinafika mpaka materniti na kupanda ukuta. Hilo lilikuwa kweli, ni jua tu na urefu wa miti. Walisema pia kivuli kina vipandio vingi kuliko ngazi yenyewe. Hilo sikulihesabu, na sikutaka kulihesabu.

Mwishowe wakaja wajumbe wa mfuko wenyewe, na mkubwa mmoja aliyetoka Kinshasa. Walivuka kwa mtumbwi, viatu vimeng'aa, wakaangalia pipa, wakaangaliana. Mkubwa akauliza kiwanda kiko wapi. Mupishi akamwonyesha ngazi. Yule bwana akacheka sana, akasema hapa lazima apigwe picha, akampa mwenzake simu, akapanda. Alipanda kwa madaha, anatupungia. Alipofika katikati akaacha kupunga. Nilimwona akipitisha vidole chini ya kipandio, kisha chini ya kinachofuata, kisha akabaki ameshika tu, hapandi hashuki. Aliposhuka suti yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni. Aliomba maji, akayanywa amesimama, akataka mtumbwi.

"Ameona nini?" nikamuuliza Mupishi.

"Muulize yeye," akasema. "Ni yeye njo alipanda."

Miezi ikapita bila barua. Nyundo ikanyamaza. Kisha asubuhi moja ikafika, fupi, mistari mitatu. Nilipiga muhuri kabla ya kuisoma, kwa mazoea, ndipo nikaisoma. Ilisema dosiye ya Mupishi imekuwa "classé sans suite." Kwa lugha ya ofisi, imefungwa, imetupwa kabatini, haitaendelea. Nilivuka mto siku ile nikilia waziwazi ndani ya mtumbwi, watu wakaniuliza nimefiwa na nani. Nilikuwa nimemwona mzee huyu akichimba majivu na kubeba chupa chini ya jua kali kwa ajili ya taa ya Jumatatu, na mimi ndiye niliyemwambia andika.

Nilisimama mbele yake. Akakaa. Nikasoma salamu, nikasoma cheo, nikafika kwenye neno "classé," nikaishia hapo. Lile lingine, "sans suite," halikutoka.

Mupishi akanitazama. Katika shule zetu, mtoto aliyefaulu vizuri tunasema amekuwa classé, maana yake amepangwa nafasi. Akauliza kwa ule uso wake usiosomeka, "Classé? Mi niko classé? Wa ngapi?"

Mungu anisamehe. Machozi yalikuwa yananitiririka, na nilimwona mzee amekaa na mikono magotini kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Nikasema, "Wa kwanza, papa. Weye iko wa kwanza."

Akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja mara nne, akasema, "Aksanti, mama yangu." Hakuwahi kuniita mama yangu. Kesho yake nilisikia nyundo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata fupi hiyo inatosha kuharibu mambo. Nilijiambia nitamweleza Jumapili, akishatulia. Jumapili ikapita, nikajiambia Jumapili ijayo. Halafu jioni moja narudi kutoka kazini, nakuta fundi wa kuchomelea uani mwa Mupishi, na pipa limelala ubavu, limekatwa vipande vitatu. Udongo wa tumboni umepondwa, umemwagwa kwenye mashimo ya barabara. Mzee anasimamia, amevaa kanzu ya Ijumaa na siku haikuwa Ijumaa.

"Papa, unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Namutolea mukubwa nafasi," akasema. "Tangi inakuja, itakaa hapa. Ile ya zamani inamaliza kazi."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua, na fundi akawasha moto wake, cheche zikaruka, nikarudi nyumbani nikajitupa kitandani na viatu vyangu.

Jumatano ile jenereta haikuwaka. Hakukuwa na mafuta, mtaa mzima ulijua. Lakini jua lilipokaribia kuzama, nikiwa nachambua mboga kibarazani, harufu ya mikate ikanifikia. Nikaenda mpaka kwa mama wa kona. Kikaango chake kilikuwa kimefunikwa, na yeye amesimama njiani, pua juu, ananitazama. "Mama Biro, unasikia?" Nilisema sisikii kitu. Tulipofika materniti tulikuta wajawazito watatu wameketi barazani na mafurushi yao, wamefuata harufu, wanauliza taa itawashwa saa ngapi. Jenereta ilikuwa baridi. Niliigusa. Mkunga alizalisha mmoja wao na simu mdomoni, kama zamani. Mtoto alipona na mama alipona, lakini mkunga alipotoka hakunisalimu.

Jumamosi harufu ikaja tena, na wanawake wakaja tena. Jumatano iliyofuata vilevile. Nikachoka kuinusa. Jumamosi ya tatu nilivaa kitambaa kichwani, nikaenda kwa Mupishi kuungama.

Sikumkuta kwenye kigoda. Alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa ngazi, amekonda, miguu imemvimba. Nilimpigia magoti. Nilimwambia yote bila kumeza neno: kwamba classé ya ofisi si classé ya shule, kwamba hakuna tangi, kwamba hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, kwamba nilimdanganya na pipa lake limekufa kwa ajili yangu.

Hakukasirika. Alionyesha juu kwa kidevu. "Panda."

"Papa, mimi na urefu ule..."

"Panda, mama. Miguu yenye iliileta ipande."

Nikakaza kitenge, nikapanda. Kwenye kipandio cha pili vidole vyangu vikagusa karatasi. Nikainama kutazama chini ya ubao: barua ya cheti cha ardhi, imekunjwa mara nne, imepigiliwa msumari katikati, muhuri wangu unaonekana, na sahihi ya yule mkubwa wa Kinshasa. Chini ya kinachofuata, nyingine. Kila nilipoweka mkono palikuwa na sahihi ile ile na muhuri ule ule. Nikaelewa yule bwana alishika nini siku ile. Nilipanda juu ya kazi yangu mwenyewe, mpaka cha mwisho kabisa. Kutoka pale niliona mto wote, na ng'ambo niliona paa la ofisi yetu, na dirisha langu, lile la kijani, nililoliacha wazi jana. Barua ya mwisho haikuwa imekunjwa. Ilipigiliwa wazi, kwenye uso wa ubao, imeelekezwa kwenye lile dirisha. Chini ya maneno "sans suite" alipiga mstari kwa mkaa.

Nilishuka sijui namna gani. "Papa, uliisoma."

"Siku ile ile."

"Ulijua."

"Classé sans suite? Mi nilikuwa naandika vile ku laboratwari mbele weye huyazaliwa." Akavuta pumzi. "Nilikuuliza wa ngapi juu ya kukuchekesha, mama. Ulikuwa unalia. Na weye ukanijibu na machozi yako ile: wa kwanza. Alors, usiku nikakaa. Karatasi inasema moya, jirani yangu anasema ingine. Nikaamini jirani."

Nikakaa chini kando yake.

Na palepale, na pipa liko vipande vitatu mbele yetu, harufu ikaja. Ilikuja nzito, ya mafuta ya moto, karibu kabisa, kana kwamba mtu anakaanga kati yake na mimi. Mupishi akageuza uso kuelekea pale palipokuwa na pipa, akatabasamu kwa huruma. "Unaona? Maskini. Hajue kama bamekata yeye." Kisha akanishika mkono. Wake ulikuwa mkavu na wa moto. "Juu ya ile, anahitaji kunywa. Mtu asimuache na kiu, mama."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyozungumza. Alizikwa siku ya Jumatatu, na watoto wa mikate ndio waliobeba jeneza, walikuwa wengi mpaka wakapokezana kila hatua chache.

Sasa kila Jumatano na Jumamosi watu wa mtumbwi wananiona na bidoni, dumu la njano, kati ya magoti. Ni mazutu ya kawaida ya stesheni ya mafuta ya mjini, nayanunua mwenyewe, hayana tone la mawese ndani yake. Wanaocheka wacheke, Mama Biro amekuwa kuli. Namimina kwenye jenereta ya materniti, na ikiwaka, mtaa mzima unanuka mikate. Fundi wa jenereta alikuja, akafungua, akasafisha, akanusa mazutu, akanitazama, akafunga. Mkunga ananisalimu tena. Jumatatu bado ni giza, mshahara wangu haufiki Jumatatu, na dosiye ya kijani nimeitoa kabatini, iko mezani kwangu, chini ya dirisha, nimeanza kuiandika upya kwa jina langu.

Na kabla ya kuvuta kamba ya jenereta, naigonga kwa kifundo cha kidole, nasema hodi, nangoja. Kina mama wa barazani wamezoea, wananyamaza. Siku nyingine nangoja kidogo, siku nyingine mpaka hodi ya tatu. Sijawahi kuivuta kabla sijakaribishwa.